Begi la Kwenda Karatina

Nilipoanza kazi Nairobi mwishoni mwa miaka ya themanini, safari ya Ijumaa jioni kwenda nyumbani Karatina ilikuwa kazi kubwa, na nguo hazikuwa katika hesabu. Gauni moja la kanisani na leso ya kulalia vilinitosha kwa siku mbili. Kilichonielemea kilikuwa mikate, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni ya kufulia, betri za tochi, mishumaa, na vitu vya watu. Jirani akisikia unakwenda Mathira, eneo letu la Karatina, hakosi cha kukupa: dawa za mama yake, viatu vya shule vya mdogo wake, pesa za karo zilizokunjwa ndani ya karatasi ya daftari. Kukataa ilikuwa ni kumvunjia heshima, tena wiki ijayo wewe ndiye ungemhitaji.

Gari tulipandia kituo cha Tea Room, mjini Nairobi. Wenye haraka na nauli yao waliingia kwenye Peugeot 504. Sisi wengine tulipanda matatu. Mzigo ulikwenda juu ya keria. Utingo alipanda ngazi ya nyuma, akapokea magunia, vyondo, magodoro na hata kuku, akafunga kwa kamba, na turubai ikawekwa mvua iliponyesha. Nilikuwa nikikaa dirishani nikisikiliza, maana kamba ikilegea huko Makuyu hujui ni kiondo cha nani kitakachoanguka. Pale Makutano na Sagana watu walishuka na mizigo ilipakuliwa na kupangwa upya, dakika ishirini zikapotea kila mahali. Kibirigwi akina mama walituletea mikungu ya ndizi dirishani, na kuna walionunua, mzigo ukaongezeka tena.

Jumapili jioni mambo yaligeuka. Nilikuja na mikate, nilirudi na shamba: viazi, nduma, kabeji, minji, mayai yaliyopangwa ndani ya maharagwe makavu yasivunjike. Sikuwa na nafasi ya kuyapika yote mjini. Nusu niliwagawia majirani, na ndivyo ilivyotarajiwa.

Lakini sehemu ya safari hiyo ninayoikumbuka zaidi haikuwa ndani ya gari. Kutoka barabarani hadi kwetu unateremka hadi mtoni, unavuka, kisha unapanda mlima wenye udongo mwekundu ambao mvua ya Aprili huugeuza utelezi mtupu. Mama alikuwa akiningoja njiapanda na ukanda wake wa ngozi mkononi. Gunia au kiondo kizito alikibeba mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso, kichwa kimeinama. Wanawake wengi wa rika lake huku kwetu Mlima Kenya wana alama ya ukanda huo kwenye paji, bonde dogo lililochimbwa na kuni, maji na viazi vya miaka mingi. Nikitaka kumpokea alikataa. "Maitu, wewe umetoka safari," aliniambia. Ananiita hivyo, yaani mama, kwa sababu ndimi niliyepewa jina la mama yake mzazi. Basi sukari niliyoinunua kwa mapenzi huko Nairobi ilipanda ule mlima kwa shingo yake.

Februari 2004 zilianza kutumika kanuni za Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki. Matatu ndogo ikawa ya abiria 14 na mikanda yao, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Watu walilalamika kuhusu nauli kupanda, nami nililalamika, ila tulikaa kila mtu na kiti chake kwa mara ya kwanza. Matatu hizo ndogo za Nissan tulizopanda hazikuwa na keria. Mzigo ulikaa chini ya kiti, miguuni au pale nyuma penye nafasi ya vyondo vichache, na gunia lililipiwa. Ndipo nilipoanza kuuliza ni kipi hasa kinachohitajika.

Jibu lilikuja kwa simu. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilizinduliwa Machi 2007, na baada ya muda mfupi hata kwenye vibanda vya njia ya kwetu kukawa na wakala. Kabla ya hapo pesa zilikwenda kwa hawala ya posta au ndani ya bahasha ya dereva unayemwamini. Siku moja Mama aliniambia nisibebe tena sukari wala mafuta. "Nitumie pesa Alhamisi, soko nitakwenda mwenyewe."

Kwa mtu asiyelijua, soko la Karatina ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika Afrika Mashariki. Siku zake ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na mazao ya miteremko ya Mlima Kenya hushuka hapo kabla jua halijapanda. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya wanajeshi. Mji huu ulilisha watu wa mbali zamani sana. Kumbe mimi nilikuwa nikibeba vyakula kutoka Nairobi kupeleka mahali kama hapo! Mama alipoanza kununua mwenyewe niliona jambo ambalo mizigo yangu ilikuwa imelificha. Alipenda kuchagua. Alipima maharagwe kwa kiganja, akabishana bei, akasalimiana na wateja na wauzaji aliowajua tangu ujana. Zawadi yangu ya mikate ilikuwa imemnyima raha hiyo, na pesa zetu zilikuwa zimebaki kwenye maduka ya Nairobi.

Mizigo mingine nayo ilipungua. Barabara ya Thika ilifunguliwa ikiwa pana mwaka 2012, safari ikafupika, chakula cha njiani kikaondoka. Mpango wa serikali wa kusambaza umeme vijijini ulioanza 2015 ulitufikia, betri na mishumaa nikaviacha. Chaja ya simu ikachukua nafasi yao.

Kisha Agosti 28, 2017 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima, kwa adhabu iliyofika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira na binti wa Ihithe hapa kwetu Nyeri, alikuwa ameipinga mifuko hiyo kwa miaka mingi. Alifariki 2011 bila kuiona siku hiyo, na hilo hunisikitisha hadi leo. Mifuko ilipoondoka, kiondo cha mkonge kilirudi begani, nami nikarudisha cha kwangu kutoka darini.

Leo ninasafiri na begi moja la mgongoni. Ndani mna gauni la Jumapili lililokunjwa kwa mviringo, nguo za ndani, leso moja, mswaki, dawa zangu na chaja. Leso ni taulo, ni shuka, ni kilemba jua likiwaka. Sweta naivaa mwilini, maana kati ya Juni na Agosti ubaridi na manyunyu ya kwetu hayana huruma, na nguo nzito ikikaa mwilini begi linabaki na nafasi. Gambuti na koti la mvua vinakaa nyumbani nyuma ya mlango mwaka mzima. Nikisahau kitu, mitumba ipo Karatina. Kiondo nakibeba kitupu, kwa ajili ya kurudi: nduma chache na maparachichi ya kula wiki moja.

Gunia la viazi likihitajika, linasafiri peke yake. Ofisi za sacco za matatu hupokea mzigo, huandika jina na nambari ya simu, nawe unauchukua Nairobi siku inayofuata. Bodaboda huufikisha barabarani kutoka shambani. Sisemi uzito umetoweka. Kuna kijana anayeuinua na anastahili kulipwa vizuri kwa hilo. Ila shingo ya mama mzee haimo tena katika safari hiyo, na kwangu hili ndilo badiliko kubwa kuliko barabara na simu.

Kwa hiyo, ewe unayekwenda kulala nyumbani siku mbili, beba tu kile utakachopanda nacho mlima mwenyewe. Pesa za matumizi zitume Alhamisi. Na Jumamosi ukishuka Karatina, ingia sokoni na mzazi wako kabla ya saa nne asubuhi, umwache achague, wewe ushike kiondo.