Barua mbili za udaktari
Binti mmoja wa Kolwezi amekubaliwa kusomea udaktari mahali pawili: Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na chuo cha hapa mjini. Lubumbashi kuna hospitali kubwa ya Jason Sendwe, ambako wanafunzi wanajifunza kando ya wagonjwa. Lakini ni kilometa 300 hivi, na kuna chumba cha kupanga na chakula cha kila siku. Hapa angelala kwa mama yake, aliyehamishwa mgodi ulipopanuka. Fidia ya nyumba ndiyo minervali.

Mama anasema, «Enda, mwanangu.» Binti anawatazama wadogo zake wawili, nao wanangoja masomo.

Jamaa zilizohamishwa, kabla ya kulipa inskripsyo, hesabuni miaka yote, si mwaka wa kwanza tu.