Msimngoje Yakobo Abadilike

Wajukuu zangu,

Shamba na nyumba mnavijua, havihitaji barua ndefu. Ninachotaka kuwaachia kwa maandishi ni neno la ndugu na ndugu, na nimelitoa katika Kitabu cha Mwanzo, ambacho nilikifundisha shule ya Jumapili mpaka macho yakaanza kukataa herufi. Wengi hukisoma kitabu hicho wakitafuta watakatifu. Mimi nimekisoma kama mke wa watu na mama wa watoto, na ninachokiona humo ni ukoo mmoja ulioumwa ugonjwa uleule kizazi baada ya kizazi: mzazi kuwa na mtoto wake kati ya watoto wake.

Kwa Ibrahimu sitakaa sana. Ishmaeli aliondolewa nyumbani na mama yake Hajiri, kwa mkate na kiriba cha maji, wakatangatanga katika jangwa la Beer-sheba. Isaka akabaki na baba na mali. Wale wawili tunawaona pamoja tena siku ya kumzika mzee wao katika pango la Makpela. Misiba hukutanisha watu, mnajua wenyewe.

Isaka, aliyekulia katika nyumba iliyomfukuza ndugu yake, angekuwa wa kwanza kujihadhari. Wapi! Alipata mapacha, akampenda Esau, na Maandiko hayakuificha sababu: alikula mawindo yake. Rebeka akampenda Yakobo. Msimcheke Isaka. Siku hizi mawindo huja kwa simu. Mtoto aliye mjini akituma pesa, jina lake halikosekani katika sala ya jioni. Yule aliyebaki kijijini, anayemchotea mama maji na kumpeleka zahanati, hutajwa pale ng'ombe anapopotea.

Mnakumbuka hila ile. Rebeka alimvika Yakobo nguo nzuri za kaka yake, akamfunika mikono na shingo kwa ngozi za wana-mbuzi, akampeleka kwa baba asiyeona. Wahubiri humsema sana Esau kwa kuuza haki yake kwa chakula cha dengu, na ni kweli aliidharau. Lakini aliporudi kutoka porini akakuta mbaraka umekwenda, alilia kwa sauti kuu na kumuuliza baba yake kama alikuwa na mbaraka mmoja tu. Swali lile ningependa kila mzazi alisikie mara moja maishani. Rebeka naye akamtorosha kipenzi chake kwa mjomba Labani, akimwambia ni kwa siku chache. Ikawa miaka 20, na hakuna mstari unaosema kwamba macho yake yalimwona tena mwanawe.

Huko kwa Labani ndiko ugonjwa ulikokomaa. Yakobo alitumika miaka 7 kwa ajili ya Raheli binti wa Labani, usiku wa arusi akaingiziwa Lea dada yake, akatumika 7 mingine. Lea hakupendwa. Someni alivyosema kila alipojifungua: kwa Reubeni alisema sasa mume wangu atanipenda, kwa Simeoni akasema Mungu amesikia kwamba sipendwi, kwa Lawi akatumaini kuwa sasa mume ataambatana naye. Alipomzaa Yuda hakumtaja mume hata kidogo, alimsifu Bwana tu. (Baadaye, kwa Zabuloni, alirudia tumaini lake la zamani. Nani amlaumu?) Mshikeni huyo Yuda, nitamrudia.

Watoto huona kabla hawajaambiwa. Yakobo, akirudi kwao, aliposikia kwamba Esau anakuja kumlaki na watu 400, alipanga familia yake kwa woga: wajakazi na watoto wao mbele, Lea na wanawe nyuma yao, Raheli na mwanawe Yusufu mwisho kabisa, mahali pa salama. Esau alimkumbatia wakalia, hakuna aliyeumia. Lakini wale wavulana walikuwa wamekwisha kuona kila mmoja anasimama wapi iwapo upanga ungekuja. Baba anaweza kukana kwa mdomo mwaka mzima. Foleni ile haikaniki.

Kwa hiyo ile kanzu ndefu aliyoshonewa Yusufu haikuwaletea habari mpya, iliivalisha tu habari ya zamani. Na Yusufu mwenyewe, kijana wa miaka 17, hakusaidia. Alipeleka kwa baba habari mbaya za kaka zake. Aliota miganda ikiinama, akasimulia. Aliota jua, mwezi na nyota kumi na moja, akasimulia tena. Kisha akatumwa kuwatazama kaka zake machungani, akawafuata mpaka Dothani, naye amevaa kanzu ileile! Hakuchagua kupendwa, na simhukumu kwa hilo. Ila ninyi mnaojijua kuwa mnapendwa zaidi nyumbani, Dothani msiende na kanzu. Usimpigie ndugu yako simu kumsimulia baba alivyokusifu. Ulichopewa kwa siri usikianike.

Walimvua kanzu, wakamtupa katika shimo lisilo na maji, wakaketi kula chakula. Yuda ndiye aliyetoa shauri la kumuuza, akauzwa kwa vipande 20 vya fedha. Kanzu ikachovywa katika damu ya mbuzi na kupelekwa kwa mzee. Yakobo alikuwa amemdanganya baba yake kwa ngozi ya mbuzi na nguo za kaka yake, naye akadanganywa na wanawe kwa damu ya mbuzi na nguo ya mdogo wao. Akalia sana, akakataa kufarijiwa.

Hapa ndipo walimu wengi huruka mpaka Misri kwa mshangao wa Yusufu waziri, na mimi ndipo ninapotaka mtulie. Ilipita miaka kama 22. Njaa ikabana, Yakobo akawatuma wana kumi wakanunue nafaka. Benyamini, mwana wa Raheli aliyebaki, akamzuia nyumbani asije akapatwa na mabaya. Hao kumi je? Njia yao haikuwa na mabaya? Mzee hakuwa amejifunza chochote.

Aliyekuwa amejifunza ni Yuda. Safari ya pili Benyamini naye alikwenda, na kikombe cha fedha cha Yusufu kilipokutwa ndani ya gunia lake, na ikaamriwa kijana abaki mtumwa, Yuda alimsogelea yule mkuu wa nchi bila kujua kuwa ni ndugu yake. Katika maneno yake alirudia jambo alilosema baba yao: kwamba mke wake alimzalia wana wawili. Wawili! Na anayesema hayo ni mwana wa Lea, ambaye mama yake alimzalia mzee yule wana sita na binti mmoja. Katika hesabu ya baba yake, mama yake hakuwa mke na yeye hakuwa mwana. Akayasema bila kununa, wala hakuomba hesabu isahihishwe. Aliomba abaki yeye utumwani ili kijana arudi, kwa kuwa uhai wa mzee ulikuwa umefungamana na wa kijana huyo. Yusufu akashindwa kujizuia, akawatoa Wamisri wote nje, akalia.

Sifa ya msamaha mpeni Yusufu, anastahili. Lakini aliyeukata ugonjwa ule ni Yuda. Kama angengoja kwanza Yakobo awapende wote sawa, angengoja mpaka kaburini. Hata Misri, karibu na kufa, mzee alimwongezea Yusufu fungu moja juu ya ndugu zake, na mikono ikapishana juu ya vichwa vya Manase na Efraimu, wana wa Yusufu. Na msidhani machozi ya siku moja yalimaliza yote. Waliishi Misri miaka 17 na baba yao, wakila nafaka ya Yusufu, na mzee alipozikwa tu wakaanza kuogopa kwamba sasa atalipiza. Kwa hiyo mkipatana, msikasirike mwenzenu akiendelea kuwa na wasiwasi.

Ninyi mtakaolea, someni Kumbukumbu la Torati sura ya 21. Mtu mwenye wake wawili, mmoja kipenzi na mmoja asiyependwa, hakuruhusiwa kumruka mzaliwa wake wa kwanza akiwa ni wa yule asiyependwa. Mafungu mawili ni yake. Sheria haikumwamuru mtu apende sawa, ilishika mali. Naona hapo kuna akili. Moyo wako utamwendea mmoja, kwa wepesi wake au kwa sura ya marehemu uliyemlilia. Ila ada ya shule, shamba, na kauli mbele ya wageni, hivyo vina kipimo na kila mtoto anakijua. Wala usawa si kulegea. Mfalme Daudi hakuwahi kumuuliza mwanawe Adoniya kwa nini anafanya anavyofanya, na akiwa bado hai akaona wanawe wakigombea kiti chake.

Nawe uliyekaa miaka ukimngoja mzazi aseme neno ambalo hajasema, huenda halitasemwa. Mtembelee ndugu yako hata hivyo.

Mgawo wa shamba nimeuandika, na nakala iko kwa mchungaji. Atakayeona fungu la mwenzake limezidi aje aseme sasa, nikiwa hai, sebuleni mbele ya wote.

Bibi yenu