Mlezi wa Mkekani

Naanza kwa kukiri, msomaji wangu: simu nilimpa mimi, si mama yake. Dada aliondoka alfajiri kugombea daladala, akaniachia mwanawe mimi mama mdogo, na mimi nina maandazi ya kuuza. Mafuta yakichemka mtoto hatakiwi jikoni. Basi namkalisha mkekani, namwekea katuni, kimyaaa! Nikajiona mlezi hodari.

Alipotimiza miaka miwili na nusu majirani wakaanza maneno. Wenziwe wanaomba uji kwa mdomo, yeye anakuvuta kanga mpaka kwenye sufuria. Neno lake lilikuwa "blu", tena hata kwa kitu chekundu. Bibi akasema watoto wa kiume huchelewa, tungoje. Dada hakungoja. Kliniki muuguzi alitaka kwanza masikio yapimwe. Yakaonekana mazima. Ndipo akauliza, "Mchana anaongea na nani?" Dada akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Sidai simu peke yake ndiyo iliyomfunga ulimi. Watoto huchelewa kwa sababu nyingi. Lakini kuna jambo nililisoma likaninyima usingizi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, huko Seattle, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti juu ya watoto wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina. Waliokaa na mtu akiwachezesha na kuwasomea, vikao 12 tu, walitambua sauti za lugha ile. Waliopewa Kichina hichohicho kwa televisheni hawakuambulia kitu. Ndiyo kusema katuni haimngoji mtoto ajibu. Akiguna inaendelea, akinyamaza inaendelea. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na pungufu ya hapo ni bora. Wangu alimaliza yake kabla hata sijaepua karai la kwanza.

Siku hizi anakaa mlangoni mwa jiko, namsimulia: huu unga, hii hiliki, hapo pamoto usiguse. Nachoka, jamani. Kusema na mtu asiyejibu ni kazi kuliko kukanda.

Juzi jioni nilikuwa nimejiegemeza ukutani nasoma ujumbe wangu. Akaja, akaishika simu kwa mikono miwili, akailaza kifudifudi mkekani.

"Ma'dogo," akasema. "Unga."