Spika za Masikioni na Haki ya Kujaribu

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuona kwamba mimi, niliyezoea kuandika hapa juu ya katiba, bajeti na hali ya vyuo vyetu, leo naandika juu ya spika za masikioni. Nazungumzia zile za waya, ambazo vijana huziita iyafoni na watu wa rika langu bado tunaziita hedifoni. Zinauzwa kila kona ya Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Igoma. Ni kitu kidogo, cha bei ndogo, na wengi wetu tunakinunua huku tukiwaza mambo mengine. Hata hivyo, wanafunzi wangu wengi wanakivaa kwa saa nyingi kila siku, na namna tunavyouziwa inaeleza jambo zito kuhusu nafasi ya mnunuzi katika nchi hii.

Naishi Mabatini. Anayeifahamu sehemu hii anajua kwamba ukimya ni bidhaa adimu. Nyumba zimepanda mlimani katikati ya mawe, ukuta kwa ukuta. Barabara ya Nyerere haikosi honi za daladala na pikipiki. Wauza dawa za panya na mende hupita na vipaza sauti vyenye ujumbe uleule uliorekodiwa. Mvua inapopiga mabati, redio iliyo mezani huendelea kusema bila mtu kuisikia. Kwa mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja na wenzake wawili, spika za masikioni ndizo chumba chake cha pili. Humo ndimo anamosikiliza mihadhara aliyoirekodi, muziki, taarifa ya habari, na sauti ya mama yake kutoka kijijini.

Kwa nini za waya, wakati dunia imehamia kwenye zisizo na waya? Kampuni ya Apple iliondoa tundu la waya kwenye simu yake ya iPhone 7 mwaka 2016, na watengenezaji wengine wa simu za bei ya juu wakaifuata. Simu nyingi za bei nafuu zilibaki na tundu lile la milimita 3.5. Kwa mara moja, mwenye kipato kidogo hakupoteza. Spika ya waya haihitaji kuchajiwa, jambo lenye uzito kwa yeyote aliyewahi kuishi katika mgawo wa umeme. Vilevile, katika simu nyingi zenye redio ya FM, waya huo ndio antena. Usipouchomeka, redio haishiki mawimbi. Mlinzi wa usiku anayesikiliza TBC Taifa au Radio Free Africa kwa simu ndogo ya batani anautegemea waya ule kwa kazi mbili, kupokea matangazo na kuyafikisha sikioni.

Sasa tufike dukani. Siku moja nilisimama kwenye kibanda cha vifaa vya simu, nikamwomba kijana muuzaji nijaribu spika kabla ya kulipa.

"Mzee, hii ukishaitoa kwenye boksi umeinunua," akaniambia kwa heshima.

"Nitajuaje kama inanikaa?"

"Zote zinakaa, mzee. Saizi ni moja."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Hakuna sikio la saizi moja. Tundu la sikio hutofautiana kwa upana na kwa mwelekeo kati ya mtu na mtu, na kwa watu wengi hata sikio la kulia si pacha kamili wa la kushoto. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Spika usiyoivaa huwezi kujua itakuuma wapi.

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni ile ya plastiki ngumu inayokaa mlangoni mwa sikio bila kuingia ndani. Aina hii inakuachia kusikia mazingira yako, na wengine huipenda kwa sababu haiwazibi. Lakini umbo lake halibadiliki. Likiwa kubwa kuliko kikombe cha sikio lako, nusu saa haiishi kabla gegedu halijaanza kuuma, na likiwa dogo litadondoka unapogeuza shingo. Aina ya pili ni ile yenye raba laini inayoingia kwenye tundu lenyewe. Hii huja na raba za saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, kama mtengenezaji ni mkweli. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi huja na jozi moja tu.

Kuijaribu aina hii ya pili kunahitaji dakika chache. Vuta sikio lako taratibu kuelekea juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kisha ingiza raba bila kuilazimisha. Sema sentensi moja. Kama sauti yako mwenyewe inakuwa nzito na ya ndani, kana kwamba unaongea ukiwa kwenye mtungi, raba imeziba vizuri. Tafuna kitu au chezesha taya. Ikilegea, jaribu saizi kubwa zaidi. Ikibana au kuwasha, rudi kwenye ndogo. Usione ajabu kuvaa raba ya kati upande mmoja na ndogo upande wa pili. Ukisikia waya unakwaruza kwenye shati kila unapotembea, upitishe juu ya sikio, na kwa kawaida mkwaruzo hupungua.

Msomaji atauliza: kukaa vizuri kunahusiana vipi na sauti? Kunahusiana kwa karibu sana. Raba isipoziba tundu, sauti nzito, yaani besi, huvuja na kupotea kwanza, na muziki unabaki mwembamba kama unatoka kwenye kopo. Wakati huohuo kelele za nje zinaingia. Mtu aliye ndani ya daladala atafanya nini? Atapandisha sauti, kisha ataipandisha tena. Mara nyingi spika anayoilaumu kwamba ni mbovu ina kosa moja tu, haikutengenezwa kwa sikio lake.

Gharama ya kupandisha sauti inajulikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano walitoa kiwango cha usalama kwa vyombo vya kusikilizia. Kwa mtu mzima, kipimo ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 90 unabaki na saa 4 kwa wiki nzima, na kwa desibeli 100 unabaki na takriban dakika 20. Sauti kubwa huharibu seli ndogo zenye vinyweleo zilizo ndani kabisa ya sikio, na seli hizo zikifa hazioti tena. Uharibifu huu hauna damu wala jeraha. Huanza na mlio mwembamba usiku, kisha mtu anaanza kuomba wenzake warudie walichosema. Sikio la kufa halisikii dawa, na hapa methali hiyo inasomeka neno kwa neno.

Katika darasa kubwa lisilo na kipaza sauti, naona vijana wa miaka 20 na kitu wakiinamisha kichwa upande mmoja ili wanisikie. Siwezi kusema kila mmoja wao ameumizwa na spika. Lakini najua wanachovaa, najua barabara wanazopita wakiwa wamekivaa, na najua hakuna aliyewapa nafasi ya kukijaribu.

Usikilizaji wetu haukuwa hivi siku zote. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili walichosikia, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa njia hiyohiyo. Sina nia ya kuutukuza wakati ule, kwani redio ilikuwa moja na waliochagua cha kusema walikuwa wachache. Nataka kuonyesha jambo moja tu. Redio ya kikundi ilikuwa na mashahidi. Ikipigwa juu mno, jirani alilalamika, na ikikwaruza, mzee mmoja aliinuka akaizungusha antena. Leo kila mmoja ana redio yake ndani ya sikio, na hakuna jirani wa kusema "punguza". Jukumu lililokuwa la wengi limeachiwa mtu mmoja, aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuna pia suala la ladha. Sokoni utaambiwa kwamba spika nzuri ni yenye "mziki mnene". Hiyo ni ladha ya muuzaji, au ya kiwanda kinachojua kwamba besi nyingi humvutia mtu katika sekunde kumi za kwanza. Anayesikiliza singeli au amapiano ana haki ya kuitaka besi hiyo. Lakini mwanafunzi anayesikiliza mihadhara, au mtumishi wa umma anayefuatilia kikao cha Bunge, anahitaji sauti ya kati, mahali panapokaa maneno ya binadamu. Besi ikizidi, huifunika sauti ya msemaji kama blanketi, naye msikilizaji hupandisha tena sauti ili apate maneno.

Mimi hujaribu kwa vitu vitatu nilivyovihifadhi kwenye simu. Cha kwanza ni hotuba ya mtu anayeongea kwa utulivu, na nataka kila silabi isikike. Cha pili ni ngoma ya bugobogobo ya Wasukuma. Ngoma ile kubwa inapaswa kutikisa bila kumzamisha mwimbaji. Cha tatu ni gitaa la Mbaraka Mwinshehe, ambalo kwenye spika mbaya huchoma masikio kama sindano na kwenye spika nzuri hutiririka. Vyote navisikiliza kwa sauti ya chini. Spika inayoridhisha ikiwa chini ndiyo nitakayoinunua, kwa sababu hiyo haitanilazimisha kupandisha. Msomaji achague vitu vyake mwenyewe. Muhimu ni kwamba avijue vizuri, na avibebe anapokwenda dukani.

Nao wauzaji wana hoja. Masikio yana nta na huweza kuwa na maambukizi, na hakuna anayependa kuuziwa kitu kilichokwisha kuingia sikioni mwa mwingine. Bidhaa iliyotolewa kwenye boksi ni hasara kwa mmachinga ambaye mtaji wake wote uko kwenye meza moja. Hoja hii ni ya kweli, na ina jibu. Hapa Mabatini yupo muuzaji mwingine ambaye ametenga jozi moja ya kila aina kwa ajili ya kujaribia. Ana kikopo cha raba za saizi zote, pamba na chupa ya spiriti. Mteja akimaliza, raba zinafutwa mbele ya macho yake na ya anayefuata. Kijana huyu hakuhudhuria semina yoyote ya huduma kwa wateja. Aligundua tu kwamba mtu aliyejaribu hurudi, na huja na wenzake.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nasema kwamba msingi wa kisheria upo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi ambaye hakuikagua bidhaa hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua na kuona kama inalingana na makubaliano. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeweka ulinzi wa mlaji na kuikabidhi kazi hiyo Tume ya Ushindani. Pamoja na hayo, risiti na kuta za maduka yetu zimejaa maneno "mali ikishauzwa hairudishwi", na raia wanayasoma kana kwamba nayo ni sheria ya nchi. Sioni haja ya kuwapelekea askari wa jiji wenye vibanda. Waelezwe, na wanunuzi waelezwe. Shirika la Viwango, linalokagua ubora wa bidhaa nyingi zinazoingia nchini, lingeweza kutaka boksi la spika za masikioni lionyeshe saizi za raba zilizomo na onyo la kiwango cha sauti kwa Kiswahili.

Kwa wanaharakati, nawaomba msiidharau mada hii kwa udogo wake. Tunadai haki ya kupata habari, na tunafanya vema. Lakini habari huingia kwa mlango wa sikio, na kijana anayeanza kupoteza usikivu akiwa na miaka 25 atakuwa raia wa miaka 50 anayekaa mwisho wa mkutano wa mtaa bila kusikia kinachoamuliwa.

Na kwa wanafunzi wangu, wiki hii mtakaokwenda mjini kununua, ombeni kujaribu. Mkikataliwa, shukuruni na msogee kibanda cha pili. Mnaposhuka Barabara ya Nyerere kwa bodaboda, toeni spika zote masikioni, maana pale sauti mnayoihitaji zaidi ni ya lori lililo nyuma yenu.