Fomu ya Kitale

Fomu ilikaa chini ya godoro langu siku kumi na moja. Ilikuwa ya chuo kimoja cha ufundi huko Kitale, stashahada ya umeme. Ukilipa shilingi 5,000 kabla Machi haijaisha, unawekewa nafasi na kitanda cha hosteli. Usipolipa, unapanga foleni na wengine mwezi wa tano. Ukilipa halafu usiende, pesa hairudi.

Mimi sikutaka Kitale. Nilitaka Kanada. Kila aliyemaliza kidato cha nne hapa Kakuma anaujua mpango wa WUSC, ambao tangu 1978 unawapeleka wakimbizi kwenye vyuo vya Kanada, tena kama wakaaji wa kudumu. Nilipopata B katika KCSE, bloku nzima ilishanipandisha ndege. Mama mmoja jirani alinipa hata salamu za kumpelekea dada yake Winnipeg.

Shida ni kalenda. Matokeo ya mtihani yalitoka Januari. Chuo kinataka pesa Machi. Ufadhili unajibu wakati wake, na hata ukikubaliwa, kutoka kuomba mpaka kusafiri hupita zaidi ya mwaka. Ndugu zetu wa mashirika, kila semina mnatuuliza ndoto yetu ni nini, na tunajibu vizuri, tumeshazoea. Siku moja ningependa mtu aniulize: sasa mwezi wa tatu utafanya nini?

Yaya wangu alisema ningoje. Anafundisha shule ya msingi kwa malipo ya insentivu, mambo haya ameyaona. Ukiwa Kitale wakakuita kwa usaili, alisema, utatafuta kibali cha kusafiri, utatafuta nauli ya kupitia Lodwar, na masomo yatakupita. Halafu akaongeza neno lililoniuma: "Watu watasema umeshindwa."

Na kweli hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Stashahada inataka C-. Mimi nina B. Niliona kama nakwenda dukani na noti ya elfu kununua kiberiti. Lakini kuna wavulana wa mwaka juzi waliokuwa na alama nzuri kuliko zangu. Bado wako pale chini ya mwarobaini wanacheza karata, simu mkononi, wanangoja kuitwa. Siwacheki. Kuwaangalia tu kunanitia hofu, maana nami najua kucheza karata.

Tena, niseme ukweli, umeme naupenda. Nilifungua redio ya marehemu baba nikiwa na miaka kumi na miwili, nikapigwa, nikairudisha ikaimba. Hilo sikumwambia mtu yeyote kwenye semina. Halikufanana na ndoto.

Shilingi 5,000 alikuwa nazo mama, mtaji wake wa unga na mafuta ya maandazi. Nilimweleza jioni akiwa jikoni.

"Hiyo Kanada inataka pesa?"

"Hapana, mama."

"Inataka ukae hapa?"

"Inataka niitike wakiniita."

"Kitale hakuna simu?"

Nikanyamaza. Akaendelea kukanda.

Nililipa tarehe 28 Machi. Fomu ya Kanada nayo niliipeleka, iko huko iliko. Sijui kama nimechagua vizuri. Wakinikubali Kanada, mtaji wa mama utakuwa umeliwa bure, na nauli zangu za kwenda na kurudi juu yake. Wiki ile mama alikaanga nusu ya alivyozoea, na kufika saa mbili asubuhi alikuwa amemaliza kuuza. Wateja walilalamika. Yaya hakuongea nami siku tatu, ya nne akaniuliza kama hosteli wanatoa blanketi.

Mama wa Winnipeg aliniita juzi kuulizia salamu zake. Nikamwambia azishike kwanza.

"Kwani unakwenda wapi?"

"Kitale."

Akafikiri kidogo. "Huko pia wanasema kuna baridi," akasema.