Shangingi la shemeji liliponiumbua Nyamisati

Najua mtanicheka, lakini acha niseme. Shemeji yangu ana shangingi, lile dubwana ambalo ukipita nalo Mbagala hata daladala zinakupisha. Juzi kati funguo alipewa nani? Mimi! Nimpeleke shangazi msibani Nyamisati, kesho yake nilirudishe.

Nilijiona ndiye mimi. Miwani ya jua, kiwiko dirishani, muziki juu. Pale Rangi Tatu nakata kona nikasikia "tak!" Kona nyingine, "tak!" Mlio unatoka chini ya usukani, karibu na miguu yangu, na mkononi naupata kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Nikafanya nini? Nikaongeza redio.

Lami haina neno. Mkuranga, Jaribu, Bungu, poa tu. Balaa linaanza ukiiacha lami pale Bungu kuelekea baharini. Mashimo, mchanga, tope. Tunafika Nyamisati, usukani nauzungusha robo nzima ndipo matairi yanashtuka. Shangazi akauliza, "Baba, mbona gari linayumba?" Nikamjibu barabara mbaya.

Nyamisati ndiko wanakopandia boti za Mafia, na ni mlango wa delta ya Rufiji. Ukivuka maji ni mikoko mpaka macho yachoke, na vijiji ambavyo usafiri wake ni mtumbwi. Usiku ule boti ikaleta binti mjamzito, uchungu umemkaba, kashikwa na mama yake. Mkunga waliyekuja naye kasema afikishwe kituo cha afya Kibiti haraka. Gari lililokuwapo ni moja tu, linang'aa kwa mbalamwezi.

"Mwanangu, tusaidie."

"Mama, gari bovu."

Akalitazama kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Akanitazama na mimi. "Haya baba. Gari la wakubwa hilo, na sisi tuna matope."

Weee! Bora angenitukana. Nani angeamini kuwa dude lile linaumwa?

Aliyeniokoa ni kijana mmoja, fundi wa mashine za boti. Hakubishana. Akalala chali chini ya dashibodi na tochi ya simu.

"Kaka, njoo uone. Hiki chuma ndicho kinachotoa usukani wako mpaka kwenye boksi la stelingi. Hapa katikati kuna krosi jointi, imekula kutu. Na bolti inayoibana kwenye shafti imelegea, meno yameanza kulika. Ikichomoka, utazungusha usukani kama feni na gari litakwenda linakotaka."

Gari la zaidi ya tani mbili, wasomaji, linaongozwa na kipande kinachoenea kiganjani!

Akakaza bolti kwa spana, akaizungushia waya isirudi nyuma. "Jointi bado mbovu. Mwendo wa kinyonga. Usukani ukiwa mwepesi ghafla, usifikiri, kanyaga breki." Nikamweleza yule mama kila kitu, asije kusema sikumwambia. Akamwingiza bintiye, mkunga akafuata.

Tuliondoka saa nne usiku. Safari hii redio nilizima. Kila shimo "tak", kila "tak" moyo wangu unaruka, na nyuma binti anang'ang'ania kiti changu. Lami ya Bungu tuliiona saa saba. Mtoto alizaliwa Kibiti kabla ya alfajiri, wa kiume. Bibi yake akatoka nje na kanga yake, akaanza kupangusa matope kwenye viti. Nilimnyang'anya ile kanga kwa aibu.

Asubuhi fundi wa Kibiti akaishusha ile shafti. Visindano vya ndani ya jointi vilikuwa unga mwekundu. Spea pale hakuna, kwa hiyo shafti ikatiwa kwenye kiroba, ikapanda basi kwenda Dar, Gerezani.

Mzee mmoja wa gereji akacheka, akasema si mimi wa kwanza. Na kweli. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye delta hii hii, mashine mbovu. Vipande vikaburutwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Waliovuta ni Waafrika, wala hapakuwa na basi. Mimi nalalamika kulala Kibiti siku mbili! Meli yenyewe ilimalizwa na Waingereza huko huko Julai 1915.

Nikampigia shemeji. Nilishapanga uongo mzuri tu, lakini ukanigoma mdomoni.

"Shem, huo mlio niliusikia tangu Mbagala, nikanyamaza."

Kimya.

"Mlio gani? Ule wa tak?"

"Kwani na wewe uliusikia?"

"Tangu mwezi jana," akasema. "Si ndiyo maana nilinunua redio mpya?"