Jina la Mahali Lina Wenyewe: Barolo, Taurasi na Zabibu za Dodoma

Ukitaka kusomea mvinyo wa Italia, jiandae kukariri. Nchi ina mikoa 20 na yote inalima zabibu, kuanzia Valle d'Aosta chini ya theluji ya Alpi hadi kisiwa cha Pantelleria, ambacho kiko karibu na Tunisia kuliko Sicilia. Aina za zabibu za mvinyo zilizosajiliwa zinapita 500. Majina ya mahali yanayolindwa na sheria ni zaidi ya 70 katika daraja la juu liitwalo DOCG, na zaidi ya 300 katika daraja la DOC linalofuata. Chini yake kuna IGT, lenye masharti mepesi zaidi, na chini kabisa ni mvinyo wa kawaida wa mezani.

Nasoma kozi ya jioni hapa Torino pamoja na wahudumu wa mikahawa na wauzaji wa madukani. Wao wanasomea kazi. Mimi mtoto wa Dodoma kila somo nalipima kwa mashamba ya Mpunguzi, Mbabala na Hombolo, na sidhani kama natafuta uhusiano pasipo na uhusiano. Zabibu zetu zilianza na wamisionari Wakatoliki waliotoka huku huku Italia, wakapanda Bihawana miaka ya 1950. Walitaka divai ya misa. Mizabibu ikakubali udongo, wenyeji wakachukua vipando, na leo Dodoma inajulikana kwa zabibu nchi nzima. Mche tuliupokea, lakini kitu kimoja cha Waitaliano hakikuja nao, nacho ni mkataba wa jina.

Chukua Barolo, maana vilima vyake viko mwendo mfupi tu kutoka hapa. Ili chupa iitwe Barolo, zabibu lazima ziwe Nebbiolo tupu, zilimwe ndani ya wilaya ndogo 11 karibu na mji wa Alba, tena kwenye miteremko. Shamba la bondeni halikubaliwi, na mizabibu mipya haipandwi kwenye mteremko unaotazama kaskazini. Hekta moja haitakiwi kutoa zaidi ya tani 8. Mvinyo unakaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Kisha unapimwa maabara na kuonjwa na jopo. Ukifaulu, kila chupa inabandikwa shingoni kikaratasi chenye namba yake, kinachochapishwa na kiwanda cha serikali, hicho hicho kinachofua sarafu. Kimebandikwa kwa namna ambayo huwezi kufungua chupa bila kukichana. Darasani tulipitishiwa shingo za chupa tupu mkono kwa mkono, tukasoma namba zile kama watu wanaokagua noti.

Nilipomsimulia mjomba wangu, ambaye ana ekari zake za zabibu Mpunguzi, hakushangazwa na mapipa wala maabara. Aliuliza swali la mkulima: "Sasa mjomba, huyo mwenzetu zikimzidia hizo tani, au mwaka ukawa mbaya, zabibu anapeleka wapi? Mimi mnunuzi asipotokea msimu wa mavuno, zinaniozea shambani."

Swali lake ndilo lililonifungulia mantiki ya madaraja haya. Nebbiolo iliyolimwa ndani ya mipaka ya Barolo inaweza kushushwa daraja na kuuzwa kwa jina la Langhe Nebbiolo, lenye masharti nafuu na bei nafuu. Msomaji wa mbali huona ngazi ya Italia kama orodha ya fahari, lakini mkulima wa huku anaiona kama ngazi ya kushukia bila kuvunjika mguu. Anakubali kupunguza mavuno kwa sababu jina la juu linamlipa, na mwaka ukiharibika bado ana jina la chini la kuuzia. Kwetu mizani ni moja tu, ya kilo. Aliyepunguza vichala ili sukari ipande na aliyemwagilia hadi dakika ya mwisho ili vizidi uzito wanasimama foleni moja mbele ya mnunuzi mmoja. Anayebahatika kupata tanki anakamua na kuuza mchuzi wa zabibu, nao mchuzi ukishaingia kwenye matanki ya kiwanda hauna tena kijiji.

Mfano mwingine unatugusa moja kwa moja, nao ni Aglianico, zabibu nyeusi ya kusini mwa Italia inayochelewa kuiva. Katika mkoa wa Campania hutoa Taurasi, iliyopewa DOCG mwaka 1993 na isiyouzwa kabla ya kukaa miaka mitatu. Ng'ambo ya milima, mkoani Basilicata, zabibu hiyo hiyo ikilimwa kwenye udongo wa Vulture, volkano iliyozimika, huitwa Aglianico del Vulture, na ina masharti yake peke yake. Dodoma nako Aglianico imepandwa, sambamba na Syrah, Chenin Blanc na ile tunayoiita Makutupora. Hakuna Mwitaliano aliyetushtaki, wala hana cha kushtakia. Mche ni wa yeyote mwenye jembe. Jina Taurasi, hilo ni la wenyewe, na ukilibandika kwenye chupa ya Hombolo utakutana na mawakili.

Geuza upande wa pili. Nani atakutana na mawakili akiandika Dodoma kwenye chupa iliyojazwa mchuzi ulioagizwa nje? Wakulima wetu wamelalamika miaka mingi kwamba viwanda vinaleta mchuzi wa bei rahisi kutoka ng'ambo huku zabibu zao zikikosa soko, na serikali imejaribu kujibu kwa kodi. Kodi inasaidia, ila inapanda na kushuka kila bajeti. Kiwango cha TBS, shirika letu la viwango, nacho kinamwambia mnywaji kwamba kinywaji ni salama, hakimwambii kilitoka shamba gani. Jina lenye mipaka ya kisheria halingoji hotuba ya bajeti.

Hata hivyo, nisingependa mtu abebe kitabu cha masharti cha Barolo akakipeleke Chamwino. Kwanza, hali ya hewa itakikataa. Huku mzabibu hulala wakati wa baridi. Majani yanapukutika, mkulima anapogolea Januari au Februari, machipukizi yanatoka majira ya kuchipua, na Nebbiolo huvunwa Oktoba, mara moja tu. Ndiyo maana mwaka ulioandikwa kwenye chupa una habari ndani yake. Dodoma mzabibu haulali, na mkasi ndio unaouamsha. Ukipogolea leo, unahesabu kama miezi minne hivi ufike mavuno, basi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu za Februari na Machi huiva mvua ikinyesha, sukari inakuwa hafifu na ukungu unavizia. Zile za Agosti na Septemba huiva kiangazi, jua kali mchana na ubaridi usiku, kwenye uwanda ulio kama mita 1,100 juu ya bahari. Shamba ni lile lile, mche ule ule na mwaka ule ule, lakini unapata mvinyo wa namna mbili. Lebo inayosema mwaka bila kusema msimu imemficha mnywaji jambo kubwa kuliko yote.

Pili, Waitaliano wenyewe walijifunga kamba walizohangaika kuzifungua. Sheria yao ya majina ni ya mwaka 1963, na DOC ya kwanza ilitolewa 1966 kwa Vernaccia di San Gimignano. Chianti ilipopata yake mwaka 1967, masharti yaliwalazimisha wakulima kuchanganya zabibu nyeupe kwenye mvinyo mwekundu. Waliotaka kufanya vizuri zaidi wakatoka nje ya mfumo. Sassicaia ya 1968, iliyotengenezwa kwa zabibu za asili ya Ufaransa, na Tignanello ya 1971 ziliuzwa kama mvinyo wa mezani, daraja la mwisho, huku bei zake zikizipita zile za wenye vyeti. Serikali ilichukua hadi 1992 kuunda IGT iliyowapa nafasi watu wa namna hiyo, na zabibu nyeupe zilipigwa marufuku katika Chianti Classico mwaka 2006 tu.

Wala masharti hayakuzuia maovu. Mwaka 1986 watu zaidi ya 20 walikufa kwa kunywa mvinyo uliotiwa methanoli. Mwaka 2008 wachunguzi waliingia Montalcino, mkoani Toscana, kwa tuhuma kwamba Brunello, inayotakiwa kuwa Sangiovese tupu, ilichanganywa na zabibu nyingine. Tofauti ni kwamba kulikuwa na maandishi ya kumshikia mtu. Pasipo mkataba, mchanganyaji anaitwa mfanyabiashara mjanja.

Ndiyo maana kati ya tarehe zote nilizokariri, ninayoipenda kwa ajili ya Dodoma ni ya zamani kabisa. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III de' Medici, alitoa tangazo la kuainisha mipaka ya Chianti na maeneo mengine matatu. Alianza na mipaka. Mwaka 1924 wazalishaji 33 wa Chianti Classico wakaunda ushirika wa kulilinda jina. Masharti ya kina ya sheria ya leo yakaja baadaye, na tumeona yalivyokosewa.

Sisi tunaweza kufuata mpangilio huo bila kungoja karne mbili. Mipaka ya eneo ichorwe. Sharti la kwanza liwe kwamba chupa yenye jina la Dodoma haina tone lisilotokana na zabibu za ndani ya mipaka hiyo. Sharti la pili, lebo itaje msimu wa mavuno, wa mvua au wa kiangazi. Aina za zabibu na muda wa kukaa kwenye pipa viachwe wazi, watu wajaribu, mpaka mashamba yenyewe yaonyeshe nini kinafaa wapi. Na watia saini wasiwe wakulima peke yao. Mwenye kiwanda naye afungwe, aandike kabla ya msimu atanunua kiasi gani na kwa bei gani kwa kila kiwango cha sukari, na kile kisichofikia kiwango kipewe jina lake la chini na bei yake. Hapo mjomba akiambiwa apunguze vichala atakuwa na sababu ya kukubali. Kabla ya hapo, akikataa, mimi niko upande wake.